Mwizi wa Utotoni: Kibera na Kawangware

Tumeombwa tuseme juu ya usalama, lakini tutaanza na utoto. Katika vikao vyetu, vijana waliolelewa Kibera na wale wa Kawangware wakisimulia mwizi wa utotoni mwao, utadhani hawakukulia jiji moja.

Wa Kibera anakumbuka mayowe. Nyumba za udongo na mabati zimebanana. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali tangu enzi za askari Wanubi, na mwenye nyumba mara nyingi anakaa mbali, basi walinzi ni majirani. Ikisikika "Mwizi!" wote walitoka, hata watoto. Kijana atakuambia kwa fahari: kwetu tulikuwa kitu kimoja. Muulize polepole, ndipo anafika kwa yule aliyevishwa tairi, na yeye mwenyewe, miaka minane, akitazama. Sisi huo hatuuiti umoja.

Wa Kawangware anakumbuka lango. Huko mashamba mengi yalikuwa ya familia, ploti ina mwenyewe, pengine anaishi humo humo. Usiku lango linafungwa. Ukichelewa, shauri yako. Mwizi alikuwa mtu wa nje. Lakini wanatuambia pia walimsikia mama wa chumba cha tatu akipigwa, na hakuna mlango uliofunguliwa. Aliyempiga alikuwa mumewe, nani angepiga kelele za mwizi? (Kibera nako hayo yapo, tusidanganyane.)

Halafu ikaja vurugu ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na tena mwaka 2017. Mayowe hayakusaidia, lango halikusaidia. Wengine walifukuzwa na watu waliowajua kwa majina.

Ndiyo sababu tukiuliza vijana, "Je, wizi ni mwingi?" tunapata hotuba tu. Tukiuliza, "Ulipokuwa mtoto na usiku umeharibika, uligonga kwa nani?" wananyamaza kwanza, kisha wanataja mtu: mama muuza mboga, fundi wa viatu, nyanya wa Kinubi pale Makina. Wengi wao bado wapo. Kabla ya kikao kijacho tunaomba kila jumuiya iwatembelee wawili watatu, hata kama si wa kanisa letu, na iwaulize siku hizi ni nani anayewagongea.