Cherehani za Bengaluru

Aprili 2016 maelfu ya washonaji wa viwanda vya nguo walifunga barabara kuu za Bengaluru, kusini mwa India. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi hawakuwa na chama cha kuwaongoza. Serikali ilikuwa imetunga kanuni ya kuwazuilia sehemu ya akiba yao hadi wafikishe miaka 58. Nani kati yao angefika umri huo akiwa bado kwenye cherehani? Migongo na macho huchoka mapema. Siku ya pili ya maandamano, serikali ikaifuta kanuni hiyo.

Tangu India ilipofungua uchumi wake mwaka 1991, kazi ya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani imewatoa wanawake wengi vijijini. Wamepata mshahara wa kila mwezi, na hilo si jambo dogo: binti mwenye kipato chake husikilizwa nyumbani anaposema hajawa tayari kuolewa.

Lakini bei ya shati hupangwa mbali na anayelishona. Mnunuzi akibana bei, mwenye kiwanda humbana msimamizi, naye msimamizi huongeza idadi ya vipande kwa saa, hata mshonaji akaahirisha kwenda msalani. Huo ni udhalilishaji usiovumilika.

Kampuni zinazouza nguo hizo zinajua fika hali hii. Zilipe bei inayomwezesha mshonaji kuishi, na vyama vya wafanyakazi viruhusiwe kuingia viwandani bila vitisho.