Kijiti cha Kuchimbia
Andiko: Kumbukumbu la Torati 23:12-14

 

Andiko letu linashangaza kidogo. Israeli wakiwa kambini, Mungu aliagiza kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia pamoja na silaha zake. Akienda haja, atoke nje ya kambi, achimbe, kisha afukie. Sababu? Bwana mwenyewe alitembea katikati ya kambi ile. Basi, choo na maji safi ni mambo ya ibada pia.

Vijana wetu wanatuuliza: "Barabara zimefungwa, Goma ni mbali. Je, tunaweza kusomea afya ya jamii kwa mtandao? Na masomo hayo yanatupeleka wapi?" Tunawajibu: ndiyo, someni. Lakini someni kwa macho wazi, na mikono ianze kazi tangu leo.

Muuguzi anamtibu mgonjwa aliye kitandani. Mtu wa afya ya jamii anauliza kwa nini wagonjwa kumi wametoka mtaa mmoja, na walichota maji wapi. Tunaijua kolera kando ya ziwa, kule zoni ya afya ya Kirotshe. Inaua kwa saa chache, lakini mama anayejua kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi anaweza kumtunza mtoto mpaka afike kituoni. Katika Ebola ya 2018 hadi 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa, wengi wao hapa Kivu ya Kaskazini. Dawa na chanjo zilisaidia, lakini ilibidi pia mtu anayeaminiwa kijijini aingie nyumbani na kueleza.

Mtu huyo ni RECO. Ngazi ya kwanza ni hapo, na mara nyingi haina mshahara. Juu yake wako animateri wa zoni ya afya, wahamasishaji wa afya wa mashirika, watu wa lishe, wa maji na usafi, na wanaohesabu wagonjwa kila wiki ili mlipuko ujulikane mapema. Mwenye lisansi au masta anaweza kusimamia miradi au kufuatilia magonjwa katika mkoa.

Mtandao unasaidiaje? Tangu 2017, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, limetoa masomo ya bure kwa mtandao juu ya kolera, Ebola na mengine, mengi yakiwa kwa Kifaransa. Anayepanda kilima kutafuta mtandao anaweza kuyafuata. Lakini cheti hicho si diploma, wala hakimfanyi mtu kuwa muuguzi. Kupiga sindano na kuzalisha hakufundishwi kwa simu.

Kwa hiyo, kabla baba hajauza mbuzi au ng'ombe, tuulize maswali matatu. Je, diploma hii inatambuliwa na wizara ya elimu ya juu ya Kongo? Staji itafanyika kituo gani, chini ya nani? Bei yote ni ngapi mpaka mwisho, pamoja na mega? Shule isiyojibu, tuiache. Goma kuna ISTM, na ULPGL ya makanisa ya Kiprotestanti; tuulize pia huko. Na titulaire wa kituo chetu cha afya atatuambia zoni inaajiri watu wenye karatasi gani.

Wengine watasema: "Sisi ni watu wa maombi, haya yanatuhusu nini?" Daktari Denis Mukwege ni mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa. Aliona baba anaomba lakini dawa hana, naye akatamani kuwa daktari. Leo anajulikana kwa hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyo ya CEPAC, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Baba aliomba, mwana akatibu. Mungu ni yule yule.

Basi, wapendwa, wiki hii kila kanisa lichague vijana wawili, wa kike na wa kiume. Tuwapeleke kwa titulaire wajiandikishe kuwa RECO. Sadaka moja ya mwezi iwanunulie mega. Wanachojifunza Jumamosi, watufundishe Jumapili baada ya ibada. Na kila nyumba ikague choo chake na maji ya kunawa.

Bwana akitembea katikati ya kambi zetu usiku huu, akute kijiti kipo mkononi. Amina.