Kwa Nini Bomba la Mvua Linaziba Kila Mwaka?

Mada iliyotolewa Mwakitolyo, wilaya ya Shinyanga, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni kutoka kwa wafadhili. Tumeipunguza kidogo ili itoshe kwenye kurasa hizi.



Kabla sijaanza naomba mtazame ndoo hii iliyopo mezani. Ndani yake kuna kichwa cha bomba la mvua nilichokifungua leo asubuhi kwenye bafu la wageni. Kina matundu 48, nimeyahesabu. Yanayotoa maji ni 9. Nimekizamisha kwenye siki ya dukani tangu saa moja. Tukiache hapo, tutakirudia.

Mada yenyewe imetokana na barua. Mfadhili mmoja alisoma taarifa ya fedha ya zahanati mojawapo tunayoihudumia, akaona mstari usemao "vichwa vya bomba la mvua na koili ya hita" kwa mwaka wa tatu mfululizo. Akaandika kwa upole kuuliza kama vinaibiwa. Wapo wajumbe waliokasirika. Mimi nasema lilikuwa swali la haki, na aibu yetu ni kwamba hatukuwa na jibu. Fundi alikuwa akibadilisha tu. Na katikati ya mabadiliko hayo, bafu la akina mama waliojifungua lilikaa miezi likidondosha matone, mama ambaye ametoka kujifungua usiku akingojea ndugu yake amletee maji kwa ndoo.

Havikuibiwa. Viliziba kwa chokaa.

Hapa kwetu tunasema maji ya kisima yana chumvi, au kwamba yanakataa sabuni. Vitabu vya shule vinayaita maji magumu. Chumvi inayosemwa si ile ya mezani. Maji ya mvua yakipenya ardhini hubeba hewa ya ukaa iliyomo kwenye udongo, yanakuwa na ukali kidogo, na ukali huo unayeyusha mawe ya chokaa polepole sana. Kinachoyeyuka ni kalsiamu na magnesiamu. Wazee wa Kisukuma hawakuhitaji maabara kujua chokaa iko wapi. Wanautofautisha udongo kwa majina, luseni wa kichanga, mbuga mweusi unaopasuka kiangazi, na ibushi wenye chokaa ndani yake. Maji yanayopita humo yanatoka na alichokikuta.

Sasa maji hayo yakichemshwa, ile hewa ya ukaa inatoroka na jiwe linarudi kuwa jiwe. Ndiyo ule utandu mweupe chini ya birika. Kwenye bomba la mvua halihitajiki hata jiko: ukifunga koki, matone yaliyobaki kwenye matundu yanakauka, maji yanaondoka, jiwe linabaki. Kesho tena. Keshokutwa tena.

Chukueni mfano wa kisima chenye miligramu 300 za ugumu kwa lita moja. Wataalamu huyahesabu maji yaliyozidi miligramu 180 kuwa magumu sana. Ndoo ya lita 20 ina gramu 6, kama kijiko cha chai. Simtanki la lita 5,000 lina kilo moja na nusu ya mawe ambayo huyaoni. Sehemu kubwa inapita na maji, lakini kinachobaki kinatosha. Kwenye hita hali ni mbaya zaidi, kwa sababu utandu unaifunika koili kama blanketi. Koili inapata moto, maji hayapati, umeme unaliwa, mwishowe koili inaungua. Mara tatu kwa miaka mitatu.

Je, chokaa inaumiza mwili? Hapana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Inaumiza mfuko, sabuni na bomba.

Hapo ndipo nawaomba msikilize vizuri, maana kuna jambo linalochanganywa. Ardhi ya mkoa wetu ina sehemu zenye floraidi nyingi, ile inayoyapa meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi kwa miaka mingi, inaharibu mifupa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Watu wengi wakiona utandu kwenye sufuria husema "hii ndiyo floraidi", kisha wakikuta kisima kisicho na utandu wanafurahi. Mara nyingi ni kinyume. Maji yenye floraidi nyingi huwa na kalsiamu kidogo, hivyo yanatoa povu upesi na hayaachi utandu. Maji laini ya kisimani ndiyo ya kuyatilia shaka kwanza. Tena kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale. Kule Ngurdoto, Arusha, serikali ina kituo kinachofanya kazi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine. Kwa leo: utandu ni habari ya bomba, floraidi ni habari ya maabara. Kamati isiyopeleka chupa ya maji maabara haijui inakunywa nini, hata kama maji yanang'aa.

Nirudi kwenye bafu. Na hapa lazima niseme kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita msimamizi wa majengo, kijana mwaminifu sana, alinipigia simu kwamba bomba limeziba tena. Nilikuwa safarini, nina haraka. Nikamwambia, "Tafuta asidi yoyote, ile chokaa inayeyuka kwa asidi." Sentensi hiyo ni kweli kabisa, na ni ya kipumbavu kabisa. Nilisahau tuko wapi. Hapa machimboni, ukisema asidi, mtu haendi dukani kununua siki. Alikwenda kwa wanaosafisha dhahabu, wakampa tindikali kwenye chupa ya maji ya kunywa. Alipanda juu ya kiti, akaimimina kwenye bomba likiwa bado juu ukutani, na ikamrudia. Mkono una kovu hadi leo, na jicho moja linaona kwa ukungu. Alikuwa peke yake na simtanki lilikuwa tupu, kwa hiyo hata maji ya kujisafishia yalichelewa. Mtu akimwagikiwa na asidi anatakiwa kuoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, papo hapo, kabla ya kutafuta gari. Mimi sikumwambia hilo wala lolote. Nimekwenda kumwomba radhi, naye ameniruhusu kuwasimulia.

Kwa hiyo nataja kwa majina. Tindikali ya wasafisha dhahabu isiingie bafuni. Maji ya betri nayo hapana. Mbali na kuunguza, yakikutana na chokaa yanatengeneza jasi, utandu mwingine usioyeyuka kirahisi, kwa hiyo umeumia bure. Dawa kali ya kusafishia choo inakula ile ng'aring'ari ya bomba na saruji ya kati ya vigae. Siki au ndimu visichanganywe kamwe na jiki, kwa sababu inatoka hewa ya klorini, na bafu letu ni chumba kidogo chenye dirisha la ukubwa wa kitabu. La mwisho ni kubwa kuliko yote kwa Mwakitolyo: mapipa yaliyotoka kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu. Pipa lililobeba sayanaidi halioshwi likawa safi. Lisitekwe maji wala lisikatwe kuwa beseni. Na asidi yoyote, hata siki, isiguse mabaki yake, maana hewa inayotoka huua. Najua pipa ni bei nafuu. Nimeyaona nyuma ya nyumba za watu, na nimeliona moja nyuma ya jiko la kigango.

Baada ya kuogopesha, sasa kazi yenyewe, ambayo ni nyepesi kiasi cha kuchekesha. Funga koki. Fungua kichwa cha bomba kwa mkono, au kwa spana iliyozungushiwa kitambaa ili isikwaruze. Kizamishe kwenye siki nyeupe kwa saa mbili au tatu. Utaona mapovu, ndiyo ile hewa ya ukaa inayotoka tena. Mapovu yakikoma na utandu bado upo, siki imechoka, weka nyingine. Kisha sugua kwa mswaki wa zamani, pitisha sindano kwenye tundu linalokaidi, suuza. Kama kichwa hakifunguki, tia siki kwenye mfuko wa nailoni, uvishe mfuko huo juu ya kichwa, ukaze kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Usikiache usiku kucha kama kina rangi ya kung'aa, siki nayo inakula taratibu. Ndimu inafanya kazi ileile. Ukwaju, ambao kwetu si haba, unafaa kwa kusugua sufuria, ila kwa bomba unachelewa na unaacha makapi kwenye matundu. Steliwaya iacheni jikoni.

Birika: nusu siki nusu maji, chemsha, acha lipoe, mwaga, chemsha maji matupu mara mbili kabla ya kupika chai. Hita ni kazi ya fundi, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kubwa na si kwenye kitufe cha ukutani. Afungue, atoe koili, aisafishe kwa siki. Mkipunguza joto la hita lisizidi kiasi cha kuoga, utandu unapungua pia. Madoa ya rangi ya kutu ni chuma, si chokaa.

Kazi hii kila miezi mitatu. Zahanati ile sasa ina karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa stoo, tarehe na sahihi. Gharama ni chupa mbili za siki.

Mgeni wetu mmoja aliniuliza jana kama haingekuwa bora kununua mashine ya kulainisha maji. Zipo na zinafanya kazi: zinabadilisha kalsiamu kwa sodiamu, kisha zinaoshwa kwa chumvi, magunia kwa magunia, mwaka hadi mwaka. Nani atanunua chumvi hiyo mradi ukiisha? Na maji yenye sodiamu zaidi si mazuri kwa mgonjwa wa shinikizo la damu. Nasema kwa heshima: msitupe mashine hiyo. Wala zile sumaku zinazofungwa juu ya bomba; sijaona moja iliyofanya zaidi ya kupamba bomba.

Mkitaka kutusaidia, tusaidieni gata na simtanki. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 10 kwa 12, na mvua ya milimita 700 kwa mwaka, ni lita 84,000. Hata ukipoteza moja ya tano zinabaki zaidi ya lita 67,000 za maji laini kuliko yoyote. Hizo ziende kwenye hita, kufulia na kuogea. Nasema kuogea, sisemi kunywa, kwa sababu kwenye mabati yetu kunatua vumbi la makarasha, na wapo wanaochoma zebaki jirani na nyumba. Mvua ya kwanza ya msimu imwageni yote.

Wengine mtasema tusubiri bomba la ziwa. Maji ya Ziwa Victoria ni laini kweli. Tangu mradi mkubwa uzinduliwe mwaka 2009, yanavutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, na aliyefua nguo mjini anaijua tofauti. Bomba likifika penu, shukuruni na mlipe bili. Lakini wanaokumbuka visima vifupi vya mkoa huu, mradi ulioanza mwaka 1974 kwa msaada wa Uholanzi, wanajua pampu nyingi zilisimama kwa kukosa kifaa kidogo na mtu wa kukifunga. Bomba la ziwa nalo lina koki, na koki inataka mtu.

Jaribio la mwisho mlifanye nyumbani na watoto. Chupa tatu zinazofanana, moja ya maji ya mvua, moja ya kisima, moja ya lambo. Katika kila moja tia tone la maji ya sabuni, tikisa, ongeza tone, hadi povu likae. Andikeni matone. Kamati itakayoleta namba za visima vyake vyote kikao kijacho nitaichorea ramani.

Sasa ni saa nne na nusu, na chai naona imefika. Tukitoka naomba mwenyekiti wa kamati ya zahanati aje na sindano hii tukifungue kile kichwa pamoja, tukifunge bafuni, na mama mmoja afungue koki atuhesabie matundu.