Pumzi kwanza, mpira baadaye



Wazee wa Ufipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Hadi leo yapo mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo waliyoyeyushia mawe ya chuma. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Mvukuto ukikoma, moto hulala, na fundi hata awe hodari namna gani hana la kufanya.

Leo nataka tuzungumzie mvukuto mwingine, yaani mapafu ya binadamu, na jinsi tunavyowafundisha wanafunzi wa udaktari kumpa hewa mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe.

Tuseme ni usiku wa manane mjini Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi. Ameletwa mama mjamzito kutoka vijiji vya ziwani, upande wa Kirando. Ana kifafa cha mimba, hajitambui, na mtoto yu hai tumboni. Ganzi ya mgongo haimfai, inabidi apewe nusu kaputi. Lakini akishalala, matapishi yanaweza kumwingia mapafuni. Kwa hiyo hapana budi apitishiwe mpira wa kupumulia, kutoka mdomoni hadi kwenye koo la hewa. Hospitali ya mkoa iko Sumbawanga, karibu kilometa 100. Zamu ameishika daktari kijana aliyetoka chuoni juzi juzi. Je, kazi hiyo alifundishwa, au alionyeshwa tu?

Kwa maneno, kazi ni nyepesi. Mgonjwa anavutishwa oksijeni kwanza. Kichwa kinawekwa kama cha mtu anayenusa harufu kwa mbali. Daktari anashika kwa mkono wa kushoto laringoskopu, chombo chenye mpini, ulimi wa chuma na taa. Anausukuma ulimi wa mgonjwa pembeni, ananyanyua bila kuegemea meno, anatafuta nyuzi za sauti, kisha anapitisha mpira katikati yake.

Shida ni kwamba njia ya hewa na njia ya chakula ni majirani. Mpira ukipotea njia, hewa inaingia tumboni, na baada ya dakika chache tu ubongo unaanza kufa. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kutazama kifua kama kinapanda pande zote mbili, kusikiliza mapafu na tumbo, na palipo na mashine ya kupima hewa chafu inayotoka, kuitegemea hiyo kuliko macho yake.

Mkono haupati ujuzi huo kwa siku moja. Utafiti uliofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba madaktari walioanza kusomea ubingwa wa usingizi walihitaji wastani wa majaribio 57 ndipo wafaulu mara 9 katika kila 10. Sasa jiulize, mwanafunzi aliyejaribu mara mbili tatu, tena wenzake kumi wakimsukuma mgongoni ili nao waone, amejifunza nini?

Kwa maoni yangu, tunaanzia mwisho. Jambo la kwanza si mpira, ni pumzi. Mgonjwa hafi kwa kukosa mpira, hufa kwa kukosa hewa. Mfuko wa kubinya kwa mkono na kifuniko cha kufunika pua na mdomo vinaweza kumweka mtu hai wakati msaada unatafutwa. Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Kuanzia mwaka 2009, wahudumu katika hospitali nane za Tanzania walifundishwa kwa kutumia sanamu la mtoto jinsi ya kumsaidia kichanga asiyepumua, kwa kumkausha, kumsugua na kumbinyia mfuko. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya vichanga katika saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Mafunzo hayo hayakuhitaji mpira wala bingwa. Yalihitaji mikono iliyozoezwa.

Basi mwanafunzi aanzie kwenye sanamu, akosee huko hadi achoke. Kisha aingie chumba cha upasuaji, mwalimu akiwa begani pake, kwa mgonjwa aliyeelezwa na kukubali. Majaribio yake yahesabiwe na kuandikwa.

Na lipo jambo moja ambalo sanamu haliwezi kumfundisha, nalo ni kusema "nimeshindwa." Katika shule zetu kushindwa ni aibu. Mwanafunzi aliyezoea kuchekwa atang'ang'ania kutafuta njia huku mgonjwa akibadilika rangi, kwa sababu anaogopa macho ya wenzake kuliko kifo cha mtu. Mwalimu mwema atamsifu anayeutoa mpira mapema na kurudia mfuko, sawa na anayefaulu mara ya kwanza.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yule kijana wa Namanyere akikosa njia usiku ule, na auweke mpira kando, ashike mfuko, aite msaada. Mama akiendelea kupata hewa, bado ipo nafasi ya kujaribu tena.