Waipa Ikilia, Usikimbilie Mpira

Msikilizaji, masika ikianza kunyesha Dar es Salaam, kuna biashara huchangamka ghafla kwenye foleni za Mwenge na Buguruni. Vijana hupita katikati ya magari wakiwa wamebeba waipa mpya begani. Dereva wa gari lililokula chumvi anashusha kioo, anapatana bei, anafungiwa palepale kabla taa haijawa kijani. Anaondoka ameridhika. Hafiki mbali, kioo kimejaa michirizi ileile na waipa inalia vilevile. Hapo muuzaji anatukanwa, na China nayo inapata lawama zake.

Maoni yangu leo ni kwamba, kwenye gari la zamani, mpira wa waipa hulaumiwa kuliko unavyostahili.

Tuanze na kioo chenyewe. Magari yetu yanashinda kwenye moshi wa dizeli na kulala chini ya miembe inayodondosha utomvu. Juu ya hapo kuna ile dawa ya kung'arisha matairi ambayo waosha magari hawaibanii. Kitambaa kilichofuta tairi ndicho kinachokuja kumalizia kioo. Mvua ikinyesha, maji hayatandi, yanajikusanya vidonge vidonge, na mpira unateleza juu ya mafuta. Wapo wanaofuta kioo kwa mafuta ya taa wakidhani wanasafisha. Wanaongeza ugonjwa. Sabuni ya kuoshea vyombo na maji mengi, kisha spiriti kidogo kwenye kitambaa safi, vinatosha. Kitambaa hicho kipitishe pia kwenye ukingo wa mpira mpaka kiache kutoka na weusi. Na tumbaku ya sigara ambayo madereva wa zamani wanaisugua kiooni? Inasaidia kukuvusha mvua moja, lakini matengenezo siyo.

Kioo kikishatakata, kimwagie maji uwashe waipa, halafu tazama. Mistari myembamba maana yake ukingo wa mpira umechanika au umebeba mchanga. Lakini ukiona sehemu pana katikati imerukwa, haikuguswa kabisa, huo si mpira. Ni mkono wa waipa usiokandamiza. Mwanamke wa Alabama, Marekani, Mary Anderson, aliyepata hataza ya kifaa cha kufutia kioo mwaka 1903, alilijua jambo hilo. Kifaa chake kilivutwa kwa mkono kutoka ndani ya gari, hakikuwa na mota, lakini kilikuwa na uzito maalumu wa kuhakikisha mpira unagusa kioo. Leo kazi hiyo inafanywa na springi iliyo kwenye mkono wa waipa. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, springi hiyo na kiungio chake vinaliwa na kutu. Inua mkono wa waipa, tia mafuta kwenye kiungio, uuchezeshe. Ukibaki legelege, badilisha mkono.

Waipa ikifuta vizuri kwenda na kurukaruka ikirudi, basi mkono umepinda. Mpira unatakiwa usimame wima juu ya kioo ili ncha yake iweze kulala upande wa pili kila waipa inapogeuza. Fundi mwenye subira anaunyoosha mkono kwa koleo mbili, kidogo kidogo, akiwa ametandika kitambaa kizito juu ya kioo.

Sasa twende kwenye ugonjwa mkubwa wa magari kama Corolla za miaka ya 1990: waipa inayotembea kwa kujivuta kama mzee anayepanda ngazi. Hapa mafundi wengi wanatamka hukumu kabla ya kufungua chochote: mota imekufa. Msikilizaji, usitoe hela bado. Mwambie afungue kava lililo chini ya kioo, aitenganishe mota na vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye mikono ya waipa, kisha aiwashe mota peke yake. Ikizunguka kwa kasi, mota ni nzima. Sukuma mikono ya waipa taratibu uone kama ni mizito. Mara nyingi grisi ya zamani kwenye ekseli za mikono imekauka ikawa gundi. Zisafishwe, zitiwe grisi mpya. Bushi zikiwa zimelika, waipa hugonga fremu ya kioo au kukwaruzana.

Na ikiwa mota inajivuta hata ikiwa peke yake, bado kuna umeme wa kuangalia. Waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, ukishika kutu, mota haipati nguvu yake. Usuguliwe mpaka chuma king'ae, kisha upimwe umeme unaofika kwenye mota injini ikiwa inaunguruma. Kukiwa na volti 13 na ushee kwenye betri halafu kwenye mota zinafika 9, tatizo liko kwenye waya au swichi. Yote hayo yakishindikana, ndipo tuzungumzie mota. Na hiyo ya mtumba utakayouziwa, kumbuka huenda ina umri sawa na yako.

Mpira nao una zamu yake, sikatai. Jua letu linaukausha, na ukishakakamaa hakuna dawa. Pima urefu wa wa zamani kabla ya kununua, kwa sababu kwenye magari mengi wa upande wa dereva ni mrefu zaidi.

Namalizia kwa ombi kwa wanaokagua magari kabla ya kubandika stika ya Nenda kwa Usalama. Waipa inayocheza kwenye kioo kikavu saa sita mchana inathibitisha tu kwamba mota ina umeme. Wekeni ndoo ya maji kwenye kituo cha ukaguzi, mwagieni kioo, kaeni kwenye kiti cha dereva, ndipo muwashe waipa.