Safari ya Kisiwa cha Delos

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari yangu ya Ugiriki ya mwaka 2017. Nitaeleza habari za mahali pamoja tu, nako ni Delos.

Delos ni kisiwa kidogo sana, hakifiki kilometa 4 za mraba. Hakina kijiji wala hoteli, na mgeni haruhusiwi kulala. Tuliondoka Mykonos asubuhi kwa boti, mwendo wa nusu saa hivi. Upepo wa kaskazini ulitutikisa sawasawa; ukizidi, boti haziendi kabisa.

Wagiriki wa kale waliamini kuwa mungu wao Apollo alizaliwa hapo. Kwa ajili hiyo, mnamo mwaka 426 K.K., watu wa Athens walifukua makaburi yote, wakahamishia mifupa kisiwa jirani cha Rheneia, wakapiga marufuku mtu kuzaliwa au kufa Delos. Leo yapo magofu ya mahekalu, na nyumba za matajiri zenye sakafu za vijiwe vya rangi.

Utajiri huo ulitoka wapi? Mnamo mwaka 166 K.K. Warumi waliifanya Delos bandari isiyotozwa ushuru. Strabo, mwanajiografia wa kale, aliandika kwamba kisiwa kiliweza kupokea na kusafirisha watumwa 10,000 kwa siku moja. Kiliporwa mwaka 88 K.K. na tena mwaka 69 K.K., kisirudie hali yake.

Nilitaka kuona mahali watu hao walipouzwa. Wataalamu wangali wakibishana, hapajathibitishwa. Mgeni huoneshwa alipozaliwa mungu, lakini hakuna awezaye kumwonesha walipouzwa wanadamu.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, enzi ya Sultani Barghash. Mahali pake, Mkunazini, tunapajua, na kanisa limejengwa hapo. Kujua huko ni amana tuliyoachiwa.

Basi vijana, mkisoma historia msitosheke na nguzo zilizosimama. Ulizeni ni nani aliyezibeba. Na habari za kwenu waulizeni wazee wangali hai, mziandike, maana jiwe halisemi jina la mtu lisipochongwa.