Wese rahisi lina deni, na mlipaji ni wewe

(Mazungumzo na vijana, Msangano)

Vijana wenzangu wa Msangano, na wewe msomaji uliyeketi kijiweni Tunduma au Vwawa! Sikuja kupiga porojo. Nimekuja kuzungumza juu ya wese.

Muulize mwenye bodaboda kwa nini nauli ya kwenda Tunduma imepanda. Atakujibu neno moja: wese. Sasa sikiliza kichekesho. Bomba la TAZAMA, kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lilikamilika mwaka 1968 na linaukatiza mkoa wetu wa Songwe. Tangu 2023 linapitisha dizeli. Inatupita hiyo, inakwenda zake! Sisi tunasubiri malori, na bei ya EWURA huku iko juu kuliko ya Dar, kwa sababu gharama ya safari kutoka bandarini ni juu yetu.

Je, waliopata wese la bei chee wamepona? Twende Marekani. Mwaka 1947, nje ya jiji la New York, ulianza kujengwa mji wa Levittown, nyumba zaidi ya 17,000 kwenye mashamba ya viazi. Mwaka 1956 ikaja sheria ya barabara kuu. Mafuta rahisi, barabara safi, kabwela wa kule akajenga mbali na kazi, mbali na duka. Bila gari hali.

Oktoba 1973 Waarabu wakawafungia mafuta. Kufikia Januari 1974 bei ya pipa ilikaribia mara nne ya awali. Foleni vituoni usiseme! Lakini nyumba ina miguu? Haikuhama. Juni 2022 galoni moja, yaani lita 3.8, ikavuka dola 5, na watu walikuwa bado kule kule mbali.

Nigeria nayo inachimba mafuta yake yenyewe. Mei 29, 2023 Rais Bola Tinubu akatangaza kwamba ruzuku imekwisha. Petroli iliyouzwa chini ya naira 200 kwa lita ikaruka hadi karibu 500 kwa siku chache. Aliyeumia kwanza si kigogo. Ni kijana anayelala pembezoni mwa Lagos na kufanya kibarua katikati ya jiji.

Uholanzi ilifungiwa mafuta mwaka ule ule wa 1973. Magari yakapigwa marufuku Jumapili, watu wakatoa baiskeli. Miaka iliyofuata wananchi wakadai njia za baiskeli, serikali ikajenga. Leo mtu wa huko anakwenda kazini kwa baiskeli wala haoni aibu.

Sasa turudi nyumbani. Tunduma inapanuka, viwanja vinakatwa kila upande wa barabara kuu. Dalali anakwambia, "Bei poa, kaka!" Kabla hujatoa pesa, piga hesabu ya nauli ya mwezi, yako, ya mke na ya watoto. Izidishe kwa miaka kumi. Kisha uliza litakuwaje wese likipanda.

Na kwenye mkutano wa hadhara msikae kimya. Mbaneni diwani: shule iko wapi, soko wapi, zahanati wapi, njia ya waenda kwa miguu na baiskeli wapi, kabla ya vigingi kupigwa. Bei ya wese hatuipangi sisi. Mji wetu tunaweza kuupanga.

Kiwanja kilicho mbali na kila kitu si cha bei poa. Umekikopa tu, na deni utalilipa kituo cha mafuta.